Mgomba Uliosimama Mahali pa Shangazi

Sisi wapiga picha wa Bukoba tuna kundi letu kwenye simu. Liliundwa ili tupeane kazi, lakini siku hizi tunalitumia kutukanana kistaarabu. Ugomvi mkubwa ni mmoja: mtu akiihariri picha mpaka aliyepigwa asijitambue, au akaiagiza yote kwa hii akili mnemba kama anayeagiza chipsi, bado ni mpiga picha au ni tapeli? Kuna mwenzetu mmoja, tena ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote, ambaye hutuma ujumbe mrefu wa kutetea picha safi, picha halali, picha isiyoguswa. Bwana huyu huwasafisha maharusi wake nyuso mpaka wanafanana na mihogo iliyomenywa. Nimemwona kwa macho yangu bibi harusi wa Ijuganyondo akifunua albamu ya harusi yake na kuuliza kama hajapewa ya mtu mwingine. Ukimuuliza mwenzetu, atakwambia ile si kuhariri, ile ni mwanga.

Mimi nilikuwa upande wa pili. Nilisema ndiyo, ni udanganyifu, na haujaanza leo, kwa hiyo tuache unafiki tufanye kazi. Nilikulia Muleba, na picha yangu ya kwanza nilipigwa mjini Bukoba, katika studio yenye pazia lililochorwa ndege. Ngazi ya ndege ilikuwa imeishia hewani, mchoraji nadhani aliishiwa rangi, basi mpiga picha akanisimamisha pale pale ilipoishia. Nikavalishwa koti la studio lililobanwa pini mgongoni ili linikae. Nikapewa mkononi simu ya mezani ambayo waya wake ulikwenda kulala nyuma ya pazia. Baba aliichukua picha ile akaizungusha kijiji kizima, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba ametapeliwa. Waliuliza tu nilikuwa naongea na nani.

Kwa hiyo akili mnemba ilipofika, mimi niliipokea kama mgeni aliyekuja na nyama. Studio yangu iko Rwamishenye, katikati ya duka la vifaa vya shule na fundi cherehani, na wateja wangu hawataki falsafa. Mtu kafumba macho kwenye picha ya ubarikio, nayafumbua. Mjomba mlevi katokea nyuma ya keki, namwondoa, na familia inanishukuru kama vile nimemponya pombe. Mbishi mmoja kwenye kundi akaniuliza kama nalala usingizi. Nikamjibu kwamba nalala sana, tena nakoroma.

Ndipo jubilei ya dhahabu ya ndoa ya wazazi wangu ikafika.

Nyumbani kwetu Muleba, sebuleni, kando ya picha ya Moyo Mtakatifu, ilining'inia picha pekee ya harusi ya wazazi wangu. Ina watu watatu. Baba yuko katikati, amevaa koti la kuazima ambalo mikono yake inamfika kwenye vidole. Kushoto ni mama, gauni jeupe, uso wa mtu anayesubiri kuchomwa sindano. Kulia ni shangazi, mdogo wake baba, aliyetumwa siku ile kumpokea bibi harusi na kumwingiza nyumbani kama ilivyo desturi yetu. Unyevu ulikuwa umeingia ndani ya kioo, na picha ya ukutani ukikua nayo huitazami tena, kwa hiyo mimi nilimjua shangazi wa pale kama mtu anayeng'aa tu upande wa kulia. Lakini wageni wapya walimwona. Mgeni akiingia, akishakaa, akishakunywa maji, alinyoosha kidole ukutani na kuuliza: "Na yule binti mzuri pembeni ni nani?"

Mama alilijibu swali hilo maisha yake yote ya ndoa. Alilijibu meno yamebanana. "Ni wifi yangu," alisema, kisha akaenda jikoni kufanya jambo ambalo halikuwepo.

Na shangazi hakusaidia. Sisi Wahaya tunasemwa kwa majigambo, nami hukataa nikiwa mbele za watu, lakini shangazi angetosha kuleta sifa hiyo peke yake. Alikuja kwetu karibu kila siku, maana nyumba yake iko pembeni ya kibanja cha baba, yaani shamba letu la migomba, na hakuwahi kupita sebuleni bila kusimama mbele ya ile picha. "Siku ile," alikuwa akitusimulia sisi watoto mama akiwa anasikia, "padre aliuliza 'unakubali?' huku ananitazama mimi. Nikamwambia, waitu padre, geukia huko." Tulicheka mpaka tukalala chini. Mama alicheka na sisi, ila alikoma kabla yetu.

Shangazi aliwahi kuolewa, akarudi. Hakubahatika kupata mtoto, na huko alikoolewa hawakuwa na subira ya kumngoja. Baada ya hapo hakupiga picha tena mpaka uzeeni, alipolazimishwa kwa ajili ya kitambulisho. Hiyo aliichukia. "Nikifa," aliniambia nilipofungua studio, na akaendelea kuniambia kila nilipokwenda kumsalimu, "juu ya jeneza langu muweke ile ya harusi. Watu waje waone nilikuwa nani. Msithubutu kuniwekea hiki kibibi cha kitambulisho, nitaamka." Nilimwahidi. Ni ahadi rahisi, picha iko ukutani, haiendi popote.

Sisi watoto tuliamua kwamba siku ya jubilei picha ile ichapwe kwenye bango kubwa, isimamishwe mbele ya hema. Nikampigia mama, nikamwomba aipige kwa simu yake anitumie niione kwanza. Akaituma. Alikuwa ameishika fremu kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine, na kidole gumba cha ule mkono wa fremu kilikuwa kimetua juu ya kioo, kimemfunika shangazi kuanzia paji la uso mpaka kifuani. Nikampigia tena.

"Mama, kidole chako kimemfunika shangazi."

"Wapi?"

"Usoni. Kote."

"Ah. Basi hiyo sehemu huihitaji."

"Nitakuja wikiendi niipige mwenyewe."

"Usijisumbue na safari. Wewe si ndiye unayesema mashine yako inaweza kila kitu? Ijaze hapo."

"Niijaze nini?"

"Kwani Muleba pana nini? Weka mgomba."

Nilielewa vizuri sana. Sikujifanya hamnazo, na sikumhoji. Nilifikiria kwamba mwanamke huyu kwa maisha yake yote ya ndoa ameulizwa habari za mtu mwingine katika picha ya harusi yake, na siku moja tu anataka aulizwe habari zake. Nikaona ni haki. Tena nilifurahi kuona kwamba mama, ambaye hajui hata kuongeza mwanga wa simu, ameshahariri picha kwa kidole, na hakuna kundi la wapiga picha lililomwita tapeli. Nikaiandikia mashine maagizo: ondoa kidole na mtu wa kulia, weka mgomba. Ikaweka. Kwenye kioo cha simu ulionekana mgomba kama mgomba mwingine, kijani, majani, mkungu. Mama pale kushoto nikamwongezea tabasamu dogo ambalo siku ya harusi hakuwa nalo. Nikapeleka kuchapwa.

Siku ya jubilei misa ilikwenda vizuri. Padre alisema mengi kuhusu uvumilivu, na baba alitikisa kichwa mahali ambapo pengine hakupaswa. Tukarudi nyumbani, hema limejaa, ndizi na sato vinanukia, pombe ya lubisi imeanza kuzunguka kwa wazee. Bango limesimama mbele, refu kuliko mtu. Mama alipita mbele yake mara kadhaa bila sababu.

Mzee mmoja jirani alikuwa wa kwanza kusimama pale. Aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande mwingine. Akaja wa pili. Akaja mama mmoja na kikombe chake. Nilidhani wanawatazama maharusi, nikasogea ili nisifiwe.

"Hii ni ndizi ya aina gani?" mzee alikuwa akiuliza.

"Si nshakara."

"Si entobe pia. Tazama mkungu ulikotokea."

Nikatazama. Mkungu ulikuwa umetokea ubavuni mwa shina, kama papai. Na ndizi zenyewe zote zilikuwa zimeelekea chini, zimening'inia kama soksi kwenye kamba. Kwingine kokote duniani mtu angepita. Lakini hawa ni watu ambao wameamka kila siku wakatazama migomba kabla ya kutazamana wao kwa wao.

"Labda ni ya watafiti," akasema mmoja.

"Hata ya watafiti hutokea juu," akajibiwa.

Sasa wakawa kundi zima. Watu waliacha foleni ya chakula kuja kuona. Mmoja alisema mgomba huo umerogwa. Mwingine aliuliza kama ndivyo ilivyokuwa migomba ya zamani, na mzee akamjibu kwa ukali kwamba yeye ndiye wa zamani na hajawahi kuona uchafu huo. Akaendelea kutazama, na nikaona jinsi mawazo yanavyomjia polepole usoni.

"Hapa hapakuwa na mgomba," akasema. "Mimi nilikuwepo siku hii. Hapa alisimama dada wa bwana harusi."

Shingo zote zikageuka. Shangazi alikuwa amekaa mstari wa mbele, kilemba kipya, sahani tupu mapajani akingojea zamu yake. Aliinuka. Watu wakampisha. Alikwenda mpaka karibu na bango, akalipima kwa macho kutoka juu mpaka chini.

"Kwa hiyo mimi nimekuwa mgomba," akasema.

Watu wakaanza kucheka, kwa sababu ni shangazi, na shangazi akisema kitu kwa kawaida ni cha kuchekwa.

"Tena mgomba usiojua kuzaa."

Kicheko kikakatika. Aliweka sahani yake juu ya kiti, akajitanda kitenge vizuri, akaondoka kupitia katikati ya migomba ya kweli kwenda kwake. Hakula. Kwetu mtu anaweza kukutukania wazazi sherehe ikaendelea, lakini ndugu kuondoka bila kula ni jambo jingine. Mama alikuwa ameshika kipande cha keki amlishe baba. Alikiweka baba mdomoni bila kumtazama, akakosea, akampaka puani.

"Mwacheni," alisema. "Atarudi akisikia njaa."

Hakurudi. Na kabla sijafika Bukoba, mtu mmoja aliyekuwa kwenye sherehe alikuwa amesharusha picha ya bango mtandaoni, na kundi letu lilikuwa limeipata. Sitarudia yaliyoandikwa. Yule bwana wa mihogo iliyomenywa aliandika aya nzima juu ya maadili, akamalizia kwa kuniuliza naiuzaje miche. Mimi niliyezoea kujibu nikazima simu. Lile neno la shangazi lilinirudia wiki nzima nikiwa studio, nikiwatoa watu wengine wajomba zao.

Kisha akanipigia yeye mwenyewe. "Njoo na mashine yako."

Nilipitia kwanza kwa wazazi, nikitaka niichukue ile picha ya asili nikamtengenezee nakala, yaishe. Kwenye fremu nikakuta imewekwa ile mpya, yenye mgomba. Mama alikuwa ameomba nimchapie ndogo, nami sikuuliza ya nini.

"Ya zamani iko wapi?"

"Nilichoma," mama alisema. "Ilikuwa imeingia ukungu."

Nilimtazama baba. Baba alikuwa anatazama dari kama vile amesikia panya. Maisha yangu yote nimekaa na picha hiyo na sikuwahi kuipiga hata mara moja, mimi mwenye kamera. Nikatoka kwenda kwa shangazi, maana kwa mama ningesema vibaya.

Shangazi alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. Alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akanichagulia punje nzuri kwa mkono wake, akangoja nitafune ndipo aseme. "Umenitoa," akasema. "Nirudishe."

Nikamweleza kwamba picha yenyewe haipo tena. Sikumwambia ilivyoondoka, nilisema tu imeharibika. "Basi tazama uso huu," akasema, akauinua kuelekea mlangoni penye mwanga. "Mashine si ina akili? Iambie iondoe uzee."

Nikampiga picha, nikaiambia mashine iondoe uzee. Kwanza ikatuletea binti aliyepakwa chokaa usoni, shanga hadi masikioni, nyuma yake mbuga na twiga. Shangazi akauliza kama twiga ni wa upande wa bwana harusi. Nikaieleza upya mashine: Muleba, harusi, kanisani, zamani, gauni la maua. Ikaleta mwingine mwenye meno mengi kupita kawaida. Ikaleta wa tatu ambaye alifanana na shangazi kama ninavyofanana mimi na askofu. Kisha ikaleta mmoja, na shangazi akaninyang'anya simu.

Alikuwa mrembo wa kalenda. Shingo ndefu, ngozi kama imepakwa asali, nyusi zilizochongwa, macho yanayotazama mbali kana kwamba huko mbali kuna kitu cha maana. Gauni la maua lilimkaa kama alizaliwa nalo. Angeingia harusi yoyote mkoa huu, padre angesahau misa.

"Huyu ndiye mimi," akasema shangazi.

"Shangazi, huyu si wewe."

"Wewe ulikuwepo?"

Aliisogeza simu karibu na macho yake.

"Ulikuwa hujazaliwa. Nakwambia huyu ndiye mimi. Nichapie kubwa, uitie fremu, nikifa iwepo."

Nilichapa. Nifanyeje? Nilikuwa nimeshasema mbele ya wenzangu wote kwamba picha ni vile mteja anavyotaka, na mteja alikuwa ametaka. Lakini nilipokuwa naifunga ile fremu niliona ninachofanya. Nilikuwa namtengenezea shangazi yangu jeneza lenye mtu mwingine juu yake. Na yeye alijua. Nilimwona machoni kwamba anajua, na kwamba ameamua heri huyu kuliko mgomba.

Jumapili iliyofuata nikampelekea, na hakutaka kuipokea kwake. "Twende kwa wifi," akasema. Akatangulia mbele na fremu kifuani, amevaa vile vile alivyovaa siku ya jubilei, na mimi nyuma kama mtu anayepelekwa kituoni.

Mama alikuwa amekaa sebuleni, chini ya ule mgomba. Shangazi hakusalimu. Alimwekea fremu mapajani.

Mama alivaa miwani. Akatazama. "Nani huyu?"

"Mimi, siku ya harusi yako. Mwanao amenirudisha."

Mama akacheka. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi, baba akatoka chumbani kuona kuna nini. Kisha akavaa miwani tena, akatazama tena, na kicheko kikamtoka usoni kikabaki kitu kingine. Alikuwa amekasirika. Nimemwona mama akikasirika mara nyingi, lakini sikuwa nimewahi kumwona akikasirika kwa niaba ya mtu aliyemkasirikia.

"Mawe! Wewe hukuwa na shingo hii," akasema.

"Nilikuwa nayo."

"Hukuwa nayo! Shingo yako ilikuwa ya kawaida kama ya watu. Na hili paji la uso ni la nani? Wewe ulikuwa na kovu hapa, juu ya jicho la kushoto, uliangukia jembe ukiwa mdogo, ulinieleza mwenyewe tukiwa tunavaa. Na jino hapa mbele lilikuwa limempanda mwenzake, ndiyo maana ukicheka ulikuwa unainua mdomo upande mmoja tu, na hapo ndipo ulipokuwa unawaua watu. Siyo hivi! Huyu anacheka kama anauza sabuni." Alikuwa anaigonga fremu kwa kucha. "Na gauni. Gauni lako ulishona mwenyewe, ukakosea bega la kulia, likawa juu kuliko la kushoto, ukasimama hivi umeinamisha bega ili lisionekane. Wakadhani ni maringo. Wasichana wote wa huku wakaanza kusimama bega chini mwaka mzima, wanaiga kosa la cherehani! Mimi ndiye niliyejua. Mimi peke yangu!"

Alikuwa anahema. Shangazi alikuwa amesimama pale pale na, Mungu wangu, bega lake la kulia lilikuwa limeinama.

Nimesoma mabishano ya wapiga picha mpaka macho yakauma, na hakuna aliyewahi kusema kitu kama hiki. Sote tulikuwa tunauliza mashine imefanya nini. Hakuna aliyeuliza ni nani amewahi kumtazama mtu huyo sawasawa.

Mama aliinuka akaingia chumbani. Tulisikia sanduku likisogezwa. Akatoka na kitu kilichofungwa kwenye khanga, akakifungua juu ya meza. Ilikuwa ile picha, bila kioo, bila unyevu, safi kuliko nilivyowahi kuiona.

"Ulisema umechoma," nikasema.

"Nilisema."

Shangazi akainama kuitazama. Kovu lilikuwepo. Jino lilikuwepo. Bega lilikuwepo. Na mimi, ambaye kazi yangu ni nyuso, nilisimama nyuma ya wanawake wale wawili nikamwona shangazi kwa mara ya kwanza. Alikuwa mzuri kweli. Yule wa kalenda hakumfikia hata kwenye kisigino.

"Nilikuwa nimelisahau hili jino," shangazi akasema polepole. Lilishang'oka zamani.

Mama alinigeukia. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ile ya kuagiza chumvi. "Chukua hii. Mtengenezee ya kwake peke yake, kwa ajili ya hayo mambo yake ya jeneza. Unitoe mimi."

"Usimguse," akasema shangazi, naye hakuinua macho kutoka kwenye picha. "Nikibaki peke yangu watu watajua nilikuwa nimekwenda kumpokea nani?"

Mama akasema chakula kiko tayari. Shangazi akakaa, akala sana, akalalamika kwamba ndizi hazikuiva vizuri.

Aliishi baada ya hapo kwa muda, akisumbuliwa na presha, na alituacha kipindi cha senene, watu wakiwa wanatega taa. Yule mrembo wa kalenda sijui alikokwenda, nadhani baba alitumia fremu yake kwa kitu kingine. Nilichapa ile ya kweli. Picha ya watu watatu haikai vizuri juu ya jeneza, ilibidi mmoja atoke, na baba akasema atoke yeye, maana hata koti lenyewe halikuwa lake. Nikaikata nakala kwa kisu cha studio na rula, wakabaki wale wawili wamesogeleana. Kwenye kundi letu nilisema nimefiwa, wakanitumia pole, na yule bwana wa mihogo alikuja mwenyewe mpaka Muleba akatusaidia kupanga viti. Sikumuuliza kitu kuhusu mwanga.

Mama alikaa kwenye mkeka kando ya jeneza tangu asubuhi, kilemba kimeshuka usoni, hataki kuhama wala kula. Waombolezaji walipita mmoja mmoja. Kulikuwa na mama mmoja wa kwaya aliyekuja na wenzake kutoka Bukoba, hakumjua shangazi wala hakutujua sisi. Alisimama mbele ya ile picha, akawatazama wasichana wawili, mmoja wa gauni jeupe na mmoja wa gauni la maua, akachanganyikiwa. Akamwinamia mama kwa heshima.

"Samahani, mama. Marehemu ni yupi hapa?"

Mama hakuinua kichwa.

"Huyo mzuri," akasema.